Takwimu za Novemba

Mkuu wa chuo anataka takwimu kabla ya Ijumaa:
wasomaji wangapi, vitabu vingapi, maswali mangapi yaliyojibiwa.
Ameleta fomu yenye visanduku
na chini kabisa, kwa wino mwekundu: "Maktaba ijitangaze."

Ijitangaze. Kwani mimi Somoe nauza vitenge?
Nilibandika karatasi mlangoni mwa kantini, chini ya bei ya chapati:
"Una swali la sheria? Maktaba tunajibu. Bure."
Kesho yake nikakuta mtu ameongeza kwa penseli:
"Na umeme upo?"

Upo, na ndio walioufuata.
Soketi nne chini ya rafu ya Sheria ya Ardhi,
simu kumi na moja zikinyonya kama watoto wa mbuzi,
wenyewe wamelalia Mwenendo wa Makosa ya Jinai,
shavu kwenye kifungu, mate kwenye fasiri.
Nikawahesabu. Aliyeingia kwa miguu yake ni msomaji.

Tarehe kumi na tisa akaja mama kutoka Nanyamba.
Ndara alizivua mlangoni, kama msikitini.
Vidole vyeusi kwa utomvu wa mabibo.
"Hapa ndipo mnapojibu bure?"
Karatasi yangu aliisoma mjukuu wake, muuza karanga pale kantini.

Kanuni ya tatu niliiandika mwenyewe, nikaitia plastiki:
ASIYE NA KITAMBULISHO ASIINGIE.
Nikasogea hatua moja. Mgongo wangu ukaifunika.

Akafungua mfuko wa nailoni uliokuwa ndani ya mfuko wa nailoni.
Stakabadhi ya ghala: kilo mia tatu na kumi na mbili.
Karatasi ya malipo: mia mbili themanini na nane.
"Hizi ishirini na nne," akasema,
"zimeondoka kwa miguu gani?"

Jibu lilinijia hadi kwenye meno. Nikalimeza.
Mkutubi si wakili.
Anaonyesha rafu, hashiki kesi.
Tulifundishwa hivyo, na ni kweli,
na siku ile ukweli wenyewe
ulinikaa kooni kama mwiba wa changu.

Nikamletea juzuu. Akaligusa jalada, hakulifungua.
Sheria yetu, ya korosho zetu,
imevaa Kizungu kuanzia kofia hadi soksi.
Nikazunguka nyuma ya rafu, nikamtikisa bega Chilumba, mwaka wa pili,
aliyekuwa akiilinda simu yake kwa kusinzia.
"Jumatatu una mtihani. Njoo ufanye mazoezi."

Saa nzima alisoma kwa kidole,
akikwama, akirudi, akiomba kamusi,
akiugeuza mstari huku na huku.
Mama akitikisa kichwa: bado.
Anaugeuza tena. Bado.
Hadi ukakaa.
"Mwenye ghala atawajibika..."
"Hapo. Rudia hapo."
"Atawajibika."
"Tena, baba."

Nilipoinua macho, soketi zilikuwa zimebaki na simu tupu.
Wenye simu walikuwa wamevuta viti.
Wa Tandahimba anabishana na wa Masasi juu ya unyaufu,
kama kilo hupungua kwa jua au kwa kalamu,
na mimi, niliyezoea kusema "Shhh" miaka tisa,
nikajikuta nafuta vumbi mahali pasipo na vumbi.

Akaondoka na nakala za kurasa sita.
Nililipa mimi. Mhasibu asijue.

Kama kilo zake zilirudi, sijui. Hajaja kuniambia.
Ila Alhamisi iliyofuata waliingia wanawake wanne,
ndara nane mlangoni,
na mlinzi akanong'ona: "Leo kuna hitima?"

Sasa fomu iko mbele yangu, feni inaipepea.
Wanafunzi, sanduku lipo. Wahadhiri, lipo, nimeandika wawili,
na mmoja wao alifuata mwavuli aliousahau.
Pembeni nimechora sanduku jingine kwa rula.
Limepinda kidogo.
Ndani yake: watano.

Maswali yaliyojibiwa: nimepaacha wazi.
Njia iliyotumika kujitangaza:
karanga.